Kifua cha Askari na Usawa wa Azimio: Jeshi la China, JWTZ na Maana ya Nishani

Katika mijadala kuhusu historia ya ujamaa nchini kuna hoja iliyozoeleka kiasi kwamba wengi huipokea bila kuihoji: kwamba nishani na tepe zake kifuani mwa askari ni masalia ya ukoloni, na kwamba taifa lililopitisha Azimio la Arusha lingekuwa aminifu zaidi kwa imani yake lau lingezivua, kama China ilivyozivua. Hoja hii ina mvuto wa pekee kwa anayeishi Arusha. Ukumbi wa Kaloleni, ambamo Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana tarehe 26 hadi 29 Januari 1967, leo ni Makumbusho ya Azimio la Arusha. Hatua chache kutoka hapo umesimama Mnara wa Mwenge, na jirani yake kuna Uwanja wa Sheikh Amri Abeid. Mtu akitoka kusoma habari za usawa ndani ya makumbusho, kisha akakutana na afisa mwenye safu za tepe za rangi kifuani, ana haki ya kuuliza kama viwili hivyo vinakaa nyumba moja.

Makala haya yanajibu kwamba vinakaa. Nadai kuwa kuondoa alama za utumishi hakuondoi tabaka jeshini. Kinachoondoka ni uwezo wa mtu wa chini kulisoma tabaka hilo na kulihoji. Ushahidi wangu mkuu unatoka China yenyewe, nchi ambayo wenye hoja ninayoipinga huitaja kama mfano wao.

Kwanza tulitazame fumbo lenyewe, maana miaka yake inashangaza. Februari 1965 Mwalimu Nyerere alizuru China, na nchi mbili zikatia saini mkataba wa urafiki. Tarehe 1 Juni mwaka huohuo Jeshi la Ukombozi la Umma la China likafuta vyeo vyote. Mwezi huohuo Waziri Mkuu Zhou Enlai alikuja Dar es Salaam. Miaka miwili baadaye likaja Azimio. Wakanada waliokuwa wakitusaidia kufundisha jeshi walipoondoka mwaka 1970, China ikawa mshirika mkuu wa mafunzo na silaha. Kwa hiyo mwalimu wetu wa kijeshi katika miaka ya joto la ujamaa alikuwa jeshi lisilo na cheo wala nishani. Hata hivyo Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ), lililoundwa tarehe 1 Septemba 1964 baada ya maasi ya Januari ya Tanganyika Rifles, lilibaki na nyota begani, tepe za koplo na sajini mkononi, na nishani kifuani. Tulichukua vifaru vya Mchina, tukaacha kola yake isiyo na cheo. Kwa nini?

Jibu la haraka ni mazoea: kwamba maafisa wa kwanza, akiwemo Mkuu wa Majeshi wa kwanza, Mrisho Sarakikya, mwana wa Meru aliyesomea Sandhurst, walilelewa kwa desturi za Kiingereza na hawakujua nyingine. Kuhusu chimbuko la desturi hizo wanahistoria hawana ugomvi, na Timothy Parsons ameeleza vya kutosha jinsi King's African Rifles (KAR), jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki, ilivyowavuta Waafrika kwa mshahara na heshima. Ugomvi unaanza kwenye maana. Terence Ranger, katika sura yake ya mwaka 1983 kuhusu mila zilizobuniwa wakati wa ukoloni, aliziona desturi za kikosi kama njia ya kumwingiza Mwafrika kwenye ngazi ya amri akiwa chini. Kwa wakoloni yuko sahihi. Lakini Ranger huyuhuyu, katika kitabu chake cha 1975 kuhusu ngoma ya beni, alionyesha kwamba Waswahili wa pwani walipovaa sare na kupeana vyeo katika vyama vya Marini na Arinoti hawakuwa kasuku wa Mzungu. Walichukua umbo la kigeni wakalitumia kwa mashindano na heshima zao wenyewe. Wanaomtegemea Ranger kuzikataa nishani humsoma nusu. Wacheza beni wakistahili kuhesabiwa kuwa watu wenye akili zao, askari wa JWTZ naye anastahili.

Na ndivyo ilivyofanyika baada ya 1964. Taji la Kifalme lilitoka kwenye alama za vyeo, alama za taifa zikashika nafasi yake. Kambi ya Colito, iliyopewa jina la mapigano ya Ethiopia ya mwaka 1941 ambako Sajini Nigel Leakey wa KAR alifia akatunukiwa Victoria Cross, ikaitwa Lugalo, mahali ambapo Wahehe wa Mkwawa waliliangamiza jeshi la Mjerumani Zelewski mwaka 1891. Taifa halikuacha kuheshimu ushujaa. Lilibadilisha ni ushujaa wa nani unaoheshimiwa.

Sasa tuende China. Jamhuri ya Watu haikuanza bila nishani. Septemba 1955 ilianzisha vyeo kamili, ikateua mamarshali 10, na ikatoa nishani za aina tatu: ya Agosti Mosi, ya Uhuru na Kujitawala, na ya Ukombozi. Kila moja ilikuwa na madaraja matatu na ilihusu kipindi chake cha mapambano. Aliyeziona kifuani mwa mkongwe alijua papo hapo kama mtu huyo alikuwa Jeshi Jekundu kabla ya 1937, kama alipigana na Wajapani, au kama aliingia katika vita vya mwisho vya ndani. Kifua kilikuwa na tarehe.

Mwaka 1965 yote hayo yalivuliwa kwa jina la usawa. Sare mpya ilikuwa na nyota nyekundu kofiani na vipande viwili vyekundu kolani, jenerali na kuruta sawasawa. Kwa picha ya mbali, hilo ndilo jeshi la ndoto ya wajamaa. Lakini itazame sare hiyo kwa karibu. Koti la askari wa kawaida lilikuwa na mifuko miwili, yote kifuani. Koti la afisa, kuanzia kiongozi wa platuni, lilikuwa na minne: miwili juu, miwili chini. Kila Mchina aliijua tofauti hiyo, na kijana akisema ndoto yake ni mifuko minne, wazazi walielewa kwamba anataka uafisa. Kitambaa nacho kilisema, kwa kuwa wakubwa walishonewa kilicho bora zaidi. Tabaka halikufutwa. Lilihamia mfukoni.

Na hasara ilikuwa kubwa kuliko faida. Mifuko minne humwambia mtazamaji kwamba huyu ni afisa. Haimwambii ni afisa wa ngazi gani, ametumika miaka mingapi, wala amefanya nini. Kiongozi wa platuni na kamanda wa divisheni walikuwa na mifuko ileile. Alama iliyoandikwa kwa kanuni na inayoweza kuulizwa ilibadilishwa na alama ya kimyakimya ambayo haimdai mvaaji maelezo yoyote.

Tena kifua hakikubaki kitupu. Mapinduzi ya Utamaduni yalipoanza mwaka 1966, beji za Mwenyekiti Mao zilitengenezwa kwa wingi wa ajabu, na askari walizivaa pale pale zilipokuwa nishani. Hapa ndipo naona kiini cha jambo. Nishani ya 1955 ilishuhudia alichofanya mvaaji. Beji ya 1966 ilishuhudia anamtii nani. Jamii iliyokataa kuheshimu utumishi wa wengi iliishia kuheshimu sura ya mmoja, na hakuna tafsiri ya usawa, ya Arusha wala ya Beijing, inayoweza kuita hayo maendeleo.

Kisha ukaja mtihani wa vita. Tarehe 17 Februari 1979 majeshi ya China yaliingia Vietnam. Vikosi vilipochanganyika, na makamanda wakaanguka, askari walipata shida kujua nani anayestahili kutoa amri kwa nani. Mwaka uliofuata kiongozi wa China, Deng Xiaoping, aliwaeleza viongozi wa jeshi kwamba vyeo lazima virudi, na vilirudi tarehe 1 Oktoba 1988. Mwaka huohuo wakongwe wa Jeshi Jekundu walitunukiwa nishani mpya za Nyota Nyekundu, wengi wao wakiwa wazee sana. Hatimaye sare ya mwaka 2007 ikaleta safu za tepe za kifuani, baadhi zikionyesha ngazi ya wadhifa na nyingine miaka ya utumishi. China ilitumia zaidi ya miaka 40 kurudi ilikotoka.

Wakati huohuo jeshi letu lilikuwa vitani. Februari 1979 JWTZ lilikuwa Uganda likipigana na majeshi ya Idi Amin, na Masaka ilitekwa tarehe 24, wiki moja tu baada ya Wachina kuvuka mpaka wao wa kusini. Wiki hizo zinatupa ulinganisho ambao mtafiti hapewi kila siku. Jeshi letu lilikuwa limepanuliwa ghafla kwa mgambo, Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), polisi na magereza, yaani watu ambao hawakuwa wamefanya kazi pamoja. Ni hali ileile iliyowasumbua Wachina, lakini kwetu mgambo aliyetoka kijijini aliweza kutazama bega la mgeni akajua amtii au amwamuru. Sisemi kwamba Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili kwa sababu ya nyota begani; ziko sababu nzito kuliko hiyo. Nasema kwamba alama hazikutuzuia kuwa jeshi la wananchi, na kuzikosa hakukuwasaidia Wachina.

Upande wa pili wa uwanja uleule wa vita alikuwepo Idi Amin, na yeye ndiye pingamizi lenye nguvu zaidi dhidi yangu. Amin alijipa cheo cha Field Marshal mwaka 1975. Alijitunuku nishani yenye herufi VC ili ifanane na ile ya Waingereza, akajaza kifua hadi picha zake zikawa kielelezo cha dunia nzima cha nishani zisizo na thamani. Je, hilo halithibitishi kwamba utepe ni uongo wenye rangi?

Linathibitisha kinyume chake. Amin alidai kuwa alipigana Burma katika Vita Kuu ya Pili, ilhali kumbukumbu zinaonyesha kuwa aliingia KAR mwaka 1946, vita vimeshakwisha. Uongo wake unagundulika kwa sababu nishani na utumishi vina kumbukumbu, na kwa sababu wapo Watanganyika, Wakenya na Waganda waliofika Burma kweli na kupigana kwenye bonde la Kabaw mwaka 1944. Noti bandia ni hoja ya kuwa na benki kuu, wala si hoja ya kuacha fedha. Kosa la Amin halikuwa kuvaa bali kujivisha, tena mahali ambapo hakuna aliyethubutu kuuliza. Nyerere, Amiri Jeshi Mkuu aliyemshinda, hakujipa cheo chochote cha kijeshi. Mamlaka ya kuwavisha wengine yalikuwa salama mikononi mwake kwa sababu hiyo.

Pingamizi la pili linatoka kwenye tepe za China za 2007: zikipima wadhifa na miaka, afisa anaweza kujaza safu bila kusikia mlio wa risasi. Ni kweli, na mfumo huo una hatari ya kumtukuza anayekaa kuliko anayetenda. Hata hivyo utumishi wa muda mrefu na wenye tabia njema ni jambo la kweli, na kwetu pia lina nishani yake. Kinachotakiwa ni utepe wa miaka usomeke kuwa ni wa miaka, na wa ushupavu usomeke kuwa ni wa ushupavu. Askari wetu waliorudi Darfur na Kongo wana nishani za Umoja wa Mataifa zenye rangi za kila misheni, na anayezijua hasomi rangi tu. Anasoma nchi, na anakumbuka wenzao waliouawa Semuliki, Kongo, tarehe 7 Desemba 2017 ambao hawakurudi kuzivaa.

Tukirudi kwenye Azimio, masharti yake kwa viongozi yalikuwa bayana: kutokuwa na hisa katika makampuni, kutokuwa mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, kutopokea mishahara miwili, kutokuwa na nyumba za kupangisha. Yote yanahusu mali na unyonyaji. Hakuna sharti linalokataza taifa kumshukuru hadharani aliyelitumikia. Utepe hauna kodi ya pango wala gawio. Ni heshima isiyozaa mtaji, na kwa maana hiyo ndiyo aina ya malipo ambayo nchi ya kijamaa ilipaswa kuipenda kuliko zote.

Hali hiyo inaleta wajibu. Nishani hukaa vema na usawa pale tu anayevisha si anayevishwa, sababu inatajwa, na wananchi wanaweza kuisoma. Septemba 2019 China ilipomtunuku mwanadiplomasia wetu Dkt. Salim Ahmed Salim Nishani ya Urafiki, kila aliyejua kazi yake Umoja wa Mataifa mwaka 1971, China ilipopata kiti chake, alielewa kwa nini. Mkazi wa Kaloleni anapaswa kuweza kusema hivyohivyo kuhusu sajini mstaafu anayesimama uwanjani Siku ya Mashujaa. Kwa hiyo napendekeza orodha ya nishani za taifa, rangi za tepe zake na sababu za kutolewa kwake ifundishwe shuleni pamoja na alama nyingine za taifa, na ubao wa kuzisoma uwekwe katika Makumbusho ya Azimio, jengo linalofaa kuliko lolote kwa kazi hiyo. Huenda baadhi watasema kipindi kimoja cha uraia hakitoshi kubadilisha mtazamo. Mimi naamini jeshi ambalo mwananchi anaweza kulisoma kifuani ni vigumu sana kugeuka kuwa jeshi la mtu mmoja, na China ya beji na Uganda ya Amin zinanipa sababu ya kuamini hivyo.