Mlango Hupimwa Kabla ya Moto

Msomaji anaweza kuuliza: mtu wa Mpitimbi, huku Songea vijijini, ana haja gani na hesabu za kuokoa watu katika maghorofa marefu? Nyumba zetu ni za chini. Likitokea la kutokea, hatua chache tu mtu yuko uani. Lakini hesabu hizo kwa kweli ni hesabu za mlango, na mlango kila mtu anao.

Anayepeleka mahindi mashineni ameshaliona jambo lenyewe. Ukimimina kidogo kidogo, punje hushuka. Ukimimina debe zima kwa pupa, punje huegemeana juu ya tundu, na hakuna inayopita mpaka mwenye mashine agonge. Binadamu naye ni hivyo hivyo. Mwaka 1995 Dirk Helbing na Péter Molnár, wakiwa Ujerumani, walieleza kwa hesabu mwendo wa waenda kwa miguu: kila mtu huvutwa na kule aendako, na hujitenga na wanaomkaribia. Mwaka 2000 Helbing, pamoja na Illés Farkas na Tamás Vicsek, aliingiza hofu katika hesabu hiyo. Kompyuta ikaonyesha kwamba watu wakigombea mlango mwembamba, pupa ikizidi hutoka polepole zaidi. Wahenga walishasema kuwa haraka haraka haina baraka. Kompyuta imeongeza kipimo.

Kipimo hicho kina uzito. Mwaka 1993 bomu lilipolipuka chini ya majengo ya World Trade Center, New York, watu walishuka ngazi kwa saa kadhaa, gizani na katika moshi. Baadaye ngazi zilipakwa rangi inayong'aa gizani, na watu wakafanyishwa mazoezi ya kutoka. Tarehe 11 Septemba 2001 karibu wote waliokuwa chini ya ghorofa zilizogongwa na ndege waliokoka. Hata hivyo wachunguzi wa serikali ya Marekani walikadiria kwamba, kama majengo yangekuwa yamejaa, watu wapatao 14,000 wangekufa. Ngazi zisingewatosha.

Kompyuta haijui yote. Nairobi, tarehe 7 Agosti 1998, mlipuko mdogo wa kwanza uliwavuta watu madirishani. Bomu lenyewe likawakuta hapo, na vioo vikawapofusha wengi. Punje ya mahindi haichungulii dirishani.

Wala hatari haikungoja tujenge maghorofa. Shauritanga, Rombo, mwaka 1994, wasichana zaidi ya 40 walikufa kwa moto bwenini. Kyanguli, Machakos, mwaka 2001, wavulana 67. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na nondo. Idodi, Iringa, mwaka 2009, wasichana 12. Nondo na kufuli huwekwa kwa nia njema, kuzuia wezi na utoro. Moto hauulizi nia.

Watoto wa Mpitimbi nao hupelekwa shule za bweni. Tumezoea kuuliza habari za ada, chakula na walimu. Na msiba ukitokea, tunasema watoto walitaharuki. Hesabu za wataalamu hawa zinatufundisha kuuliza mapema, siku ileile ya kumpeleka mtoto: bweni lina milango mingapi, inafungukia upande gani, na usiku ufunguo anakuwa nao nani?