Kabla ya kuchimba, walipima
Jina la Kamalondo linakaribiana na Kamolondo, jina ambalo wanajiolojia walilipa bonde la Upemba, kule Bukama. Mabonde ya namna hiyo yalizama zamani, yakajaa mchanga na udongo. Mjazo huo ni mwepesi kuliko mwamba wa chini, kwa hiyo juu yake mvutano wa dunia unapungua kidogo. Sumaku ya mwamba nayo inafifia kadiri mwamba unavyozama.

Kando ya Ziwa Albert, Uganda, ndege zilipima sumaku hiyo miaka ya 1980. Mafuta ya kutosha biashara yalithibitishwa mwaka 2006. Kisha, kuanzia 2012, watu zaidi ya 7,000 wa Hoima walitakiwa kupisha kiwanda cha kusafisha mafuta.

Kipimo hakimhamishi mtu. Lakini kinatangulia, na wenye mashamba wanastahili kuiona ramani mapema.