Mwezi Ulitoka Wapi?

Kila Shaabani inapoisha, sisi wa Rusizi, Cyangugu ya zamani, hutazama magharibi, upande wa Bukavu, tukiutafuta mwezi mwandamo. Watoto hutuuliza: uliumbwaje? Shuleni wanasikia hivi, madrasa vile.

Tuwajibu kwa historia. Kati ya 1969 na 1972 safari za Apollo zilileta kilo 382 za mawe na udongo wa mwezini. Yalipopimwa, yalifanana sana na mawe ya dunia. Mwaka 1975 William Hartmann na Donald Davis wakaeleza kuwa zamani gimba kubwa liliigonga dunia, na vifusi vikakusanyika vikawa mwezi. Wanasayansi wengi wanakubali hivyo, yapata miaka bilioni 4.5 iliyopita.

Qur'ani inatufundisha ni nani aliyeuumba mwezi, na kwamba kwao tunahesabu miaka. Haikutaja umetokana na nini.

Mwaka 632 jua lilipatwa siku aliyofariki Ibrahim, mwana wa Mtume (s.a.w.). Watu wakasema limepatwa kwa ajili yake. Mtume akawakanusha, naye yumo msibani: jua na mwezi havipatwi kwa kifo cha mtu.

Basi wazazi, tusiwatishe watoto wanaouliza. Wallahu a'lam.