Vazi la Ngoma ya Msibani

Katika miaka ya 1930, Godfrey Wilson, mtafiti kutoka Uingereza, aliishi miongoni mwa Wanyakyusa na kuhudhuria misiba yao. Mwaka 1939 aliandika kuwa ngoma ya mazishi iliongozwa na vijana waliovaa sketi za kitambaa na njuga miguuni, miili imepakwa udongo mwekundu na mweupe, mikuki mikononi. Ndiyo, sketi, tena kwa wanaume! Anayeruka na mkuki hataki nguo ya kumbana magoti. Hata kule Paris, mwaka 1832, Marie Taglioni alicheza baleti ya La Sylphide kwa sketi iliyofupishwa ili miguu yake ionekane. Kwa Wanyakyusa miguu ilisikika pia, kwa sauti ya njuga. Njuga hukazwa vizuri: ikilegea huchubua ngozi na kulia nje ya mapigo.