Posho ya Yambuya

Kila yanapozuka maneno juu ya nyumba ya Tippu Tip pale Shangani, Unguja, kwamba itengenezwe au iachwe ianguke, husimuliwa habari za pembe na watumwa, nayo ni haki isimuliwe. Lakini ni nadra kuisikia habari ya Yambuya, walikokwisha Waunguja wengi kwa njaa na maradhi huku wakubwa wao wakigombana juu ya mizigo.

Wasafiri wa bara walikuwa na kanuni yao tangu kale: merikani, kaniki, shanga na masango ya kununulia chakula njiani, na kabla ya kuingia pori lisilo watu, kama Mgunda Mkali, kila mpagazi hujifungia posho ya siku kadhaa. Stanley, msafiri wa Kizungu, aliijua kanuni hiyo barabara. Hata hivyo, mwaka 1887, alipokwenda kumwokoa Emin Pasha, liwali wa Misri aliyekatikiwa njia kusini ya Sudani, aliiacha njia ya Bagamoyo, akazunguka kwa merikebu hadi mlango wa Kongo pamoja na Waunguja wapatao 600, na Tippu Tip mwenyewe, aliyefanywa wali wa Stanley Falls kwa pauni 30 kwa mwezi, na aliyeahidi kutoa wapagazi 600 zaidi. Tarehe 28 Juni Stanley akaingia msitu wa Ituri, ambao haukuwa na soko wala shamba kwa masafa marefu, akamwacha Meja Barttelot na shehena Yambuya, kando ya mto Aruwimi, awangoje wapagazi hao.

Wapagazi hawakuja. Stanley alishikilia kwamba Tippu Tip amevunja ahadi. Tippu Tip, katika maisha yake aliyoyaandika mwenyewe kwa Kiswahili, anajibu kwamba aliahidiwa baruti asipewe, na mtu hapeleki watu msituni na bunduki tupu. Nikiyasoma maneno ya wote wawili, namwona Tippu Tip ana hoja, ingawa hakuwa mtu wa kuonewa huruma. Muda huo kambi nzima ilikuwa ikila muhogo mchungu usiorowekwa ipasavyo, watu wakidhoofika na kuzikwa siku baada ya siku, juu yake viboko vya Meja. Walipopatikana Wamanyema wa kuchukua, mwaka 1888, mizigo ilionekana mizito, ikabidi ifunguliwe na kupunguzwa. Na mwezi wa Julai, huko Banalya, Barttelot akapigwa risasi na Mmanyema mmoja kwa ugomvi uliotokana na ngoma ya mke wa Mmanyema huyo. Stanley aliporudi Agosti akakuta wengi katika waliobaki nyuma wamekufa.

Alipofika pwani alimshitaki Tippu Tip Unguja, akidai pauni 10,000. Baadaye dai likaondolewa. Tippu Tip akafariki mwaka 1905. Katika vitabu vya skuli vilivyopata kupita mikononi mwangu yamo majina ya hao wawili, wala sijaona humo hata jina moja la mpagazi aliyezikwa Yambuya.