Maji yakichafuliwa na familia ikaugua: matibabu, ushahidi na haki yako ya fidia

Ukurasa huu ni wako mama au mlezi unayehisi kwamba maji ya nyumbani kwako yamechafuliwa na kemikali. Huenda zimetoka kiwandani, karakana, mgodini, shamba kubwa, kwenye lori la mafuta lililopinduka au kambi ya jeshi.

Kwa ufupi

- Afya ya mtoto ndiyo ya kwanza. Badilisha maji, mpeleke zahanati, kisha ushughulikie madai.
- Kuchemsha maji kunaua vijidudu. Hakuondoi kemikali.
- Fidia hulipwa kwa ushahidi. Kadi ya kliniki na majibu ya vipimo yenye tarehe ni sehemu kubwa ya ushahidi huo.
- Madai yana muda wake kisheria. Usikae miaka ukisubiri.

Vijidudu na kemikali ni vitu viwili tofauti

Hapa Mikumi na Kilosa tumezoea kuhangaika na kuhara, homa ya matumbo na kipindupindu, hasa mvua zikizidi. Magonjwa hayo huletwa na vijidudu, na kuchemsha maji au kuyatia dawa kunasaidia sana.

Kemikali haziko hivyo. Madini ya risasi, zebaki, dawa za kuua wadudu na mafuta ya petroli haviishi kwa kuchemsha. Tena maji yakipungua sufuriani kwa mvuke, risasi iliyobaki inakuwa nyingi zaidi katika kila kikombe. Mafuta unaweza kuyanusa au kuyaona yakielea, na sisi tunaokaa kando ya barabara kuu ya kwenda Iringa na Zambia tunajua malori ya mafuta yanavyopinduka. Lakini risasi kwenye maji haina rangi, harufu wala ladha. Inajulikana kwa kipimo tu.

Dalili za kuangalia

Risasi huumiza watoto zaidi, kwa sababu miili yao hufyonza sehemu kubwa kuliko ya mtu mzima, na ubongo wao bado unakua. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Angalia haya:

- maumivu ya tumbo yanayojirudia na kukosa choo
- upungufu wa damu usiopona kwa dawa za kawaida
- mtoto kuchelewa kuongea, au kusahau alichokuwa anajua
- kukosa hamu ya kula na kupungua uzito
- kwa mjamzito, mimba kuharibika au mtoto kuzaliwa na uzito mdogo

Dalili hizi hufanana na za malaria, minyoo na utapiamlo. Kwa hiyo mweleze mhudumu unakoishi, unakochota maji na kilicho jirani nawe. Usipomwambia, si rahisi awaze kemikali.

Mkimbize mtoto hospitali mara moja akipata degedege, akilegea au kupoteza fahamu, au akinywa maji yenye mafuta au dawa ya shambani. Usimtapishe.

Kama unanyonyesha, usiache kwa hofu peke yake. Nenda upimwe na ushauriwe kwanza.

Owino Uhuru: akina mama walioshinda kesi

Kesi inayotufundisha zaidi katika Afrika Mashariki ilitokea kwa jirani zetu, Mombasa, Kenya. Kando ya mtaa wa Owino Uhuru kulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu za magari ili kupata risasi. Kilianza kazi mwaka 2007. Moshi, vumbi na maji machafu yake viliingia kwenye makazi ya watu wapatao 3,000.

Phyllis Omido aliajiriwa kiwandani hapo mwaka 2009, akiwa na mtoto mchanga anayenyonya. Mtoto aliugua akalazwa, akatibiwa magonjwa ya kawaida bila nafuu. Alipopimwa damu, alikutwa na risasi. Watoto wengine wa mtaani walipopimwa, nao walikuwa nayo. Omido aliacha kazi, akaanzisha shirika la kutetea mazingira, na wakazi wakapiga kelele hadi kiwanda kikafungwa mwaka 2014.

Mwaka 2016 wakazi walifungua kesi dhidi ya kampuni na taasisi za serikali zilizopaswa kusimamia mazingira. Julai 2020, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamuru walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikaondoa malipo hayo. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya ikayarudisha.

Hesabu miaka. Kutoka mtoto wa kwanza kupimwa hadi hukumu ya mwisho ilipita miaka 15 hivi. Mtoto hasubiri muda wote huo. Ndiyo maana matibabu hayangoji kesi, na karatasi za matibabu lazima zidumu kuliko kumbukumbu za watu.

Sheria ya Tanzania inasemaje

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Inampa pia haki ya kwenda mahakamani haki hiyo inapovunjwa. Aliyechafua anaweza kuamriwa kuacha, kusafisha na kulipa fidia. Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) linapokea malalamiko na linaweza kutoza faini. Mwaka 2019 liliutoza mgodi wa North Mara, mkoani Mara, faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa uchafuzi wa mazingira.

Lakini elewa tofauti hii: faini huenda serikalini. Fidia ndiyo inayomfikia aliyeumia, na lazima aidai.

Muda wa kufungua madai ya madhara ya aina hii kwa kawaida ni miaka 3. Ukiishtaki serikali, sharti kwanza utoe notisi ya siku 90. Madai ya mtoto yana utaratibu wake wa muda, hivyo muulize mwanasheria kabla ya kukata tamaa.

Kama uchafu unatoka kambi ya jeshi

Jeshi ni sehemu ya serikali, kwa hiyo utaratibu wa notisi unahusika. Usiingie kambini kupiga picha wala kuchota maji. Pitia kwa mwenyekiti wa kitongoji, afisa afya wa kata na NEMC.

Madai dhidi ya jeshi yamewahi kulipwa. Machi 2021 moto uliwaka Lolldaiga, Laikipia nchini Kenya, wakati wa mazoezi ya jeshi la Uingereza. Wakazi walidai kwa pamoja, na mwaka 2025 serikali ya Uingereza ikakubali kulipa pauni milioni 2.9 kwa watu 7,723. Ukigawa sawa, ni pauni 375 hivi kwa mtu. Ni haki yao, ila haifuti gharama za maisha ya ugonjwa.

Huenda pia umeona kwenye simu matangazo ya fidia ya maji ya Camp Lejeune. Hiyo ni kambi ya jeshi la Marekani, ambako maji yalikuwa na kemikali za kusafishia mitambo na nguo kati ya mwaka 1953 na 1987. Sheria ya mwaka 2022 iliwaruhusu kudai watu waliokaa pale angalau siku 30, na mwisho wa kuwasilisha madai ulikuwa Agosti 2024. Haihusu maji ya Tanzania. Mtu akikuomba pesa ya kujisajili, usitoe.

Hatua za kuchukua

1. Acha kutumia maji hayo kunywa, kupikia na kuchanganyia uji wa mtoto. Tafuta chanzo kingine, hata kama ni mbali.
2. Nenda kituo cha afya na kadi ya kliniki. Omba yaandikwe malalamiko yako, chanzo cha maji na tarehe. Uliza kama kuna haja ya rufaa kwa ajili ya kipimo cha damu.
3. Toa taarifa kwa mwenyekiti, afisa afya na RUWASA au mamlaka ya maji ya eneo lako. Peleka barua, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.
4. Omba wataalamu wachukue sampuli. Ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali hupima kemikali. Maji uliyochota mwenyewe kwenye chupa ya soda ni rahisi kupingwa mahakamani.
5. Weka daftari. Andika nani aliugua, lini, dalili gani, na gharama za nauli na dawa. Tunza risiti zote kwenye mfuko usiopitisha maji, kwa sababu mafuriko ya Kilosa yameshabeba karatasi za wengi.
6. Ungana na wenzako. Kaya nyingi zenye dalili moja ni ushahidi mzito kuliko kaya moja.
7. Muone msaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inatambua huduma hiyo bure kwa wasio na uwezo. Anzia kwa afisa maendeleo ya jamii.

Jambo moja la mwisho

Si kila maji mabaya yana wa kumlipisha. Madini mengine, kama floraidi ya mkoani Arusha, hutoka kwenye miamba yenyewe. Ili upate fidia lazima ionekane nani alichafua, alichafua kwa nini hasa, na kitu hicho ndicho kilichomuumiza mtu wako. Lakini hata kama hakuna wa kushtaki, haki ya mtoto ya kupimwa na kutibiwa iko palepale. Kadi yake isikae mbali na mkono wako.