Waliozama na Khedive Ismail

Kati ya vijana waliotolewa vijijini Afrika Mashariki kwenda kupigana Burma katika Vita vya Pili vya Dunia, wapo ambao hawakufika hata kuiona nchi yenyewe. Walikuwa askari wa Kikosi cha 301 cha Mizinga, karibu watu 1,000 pamoja na maofisa wao Waingereza. Februari 1944 walipakiwa Mombasa katika meli Khedive Ismail, wakaelekea Colombo wakiwa katika msafara wa meli tano za askari. Pamoja nao walikuwamo wauguzi wa kijeshi.

Jumamosi, tarehe 12, wakipita karibu na visiwa vya Maldivi, abiria wengi walikuwa ukumbini wakitazama burudani. Yapata saa nane na nusu mchana, nyambizi ya Kijapani I-27 ikafyatua makombora, na mawili yakaipata meli. Haikuchukua hata dakika tatu, ikazama. Aliyekuwa chini hakuwahi kupanda ngazi.

Kilichofuata ni kizito kusimulia. Nyambizi ilijificha chini ya maji palepale walipokuwa wakielea walionusurika. Manowari za Kiingereza, Petard na Paladin, zilikuwa na kazi mbili zisizopatana: kuwaokoa watu na kuiua nyambizi kabla haijazigeukia meli nyingine zenye maelfu ya askari. Mabomu yakatupwa, na baadhi ya waliokuwa wakiogelea wakafa kwa mabomu ya upande wao. I-27 ilizamishwa siku hiyohiyo, lakini karibu watu 1,300 walikuwa wamekwisha kufa. Waliookolewa walizidi 200 kwa wachache tu.

Msiba wa baharini hauna maiti ya kuosha wala kaburi la kupalilia. Wajaluo, kwa mfano, huzika tunda la mwegea, yago, badala ya mtu aliyepotea, ili roho yake itulie na jamaa wapate pa kulilia. Mama wa kijana wa 301 alihitaji angalau hilo.

Waliorudi kutoka Burma walipata sauti. Waruhiu Itote, aliyepigana huko na kikosi cha King's African Rifles (KAR), alikuja kuwa Jenerali China wa Mau Mau, na akaandika kumbukumbu zake. Waliozama hawakuacha simulizi, na kwa maoni yangu ndiyo sababu vitabu vya shule vinawaruka. Si haki. Walivaa sare ileile na kufuata amri ileile.

Majina yao yamechongwa kwenye Mnara wa Afrika Mashariki, ndani ya makaburi ya vita ya Ngong Road, Nairobi. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola nayo ina orodha inayotafutika bure kwenye intaneti. Kama kwenu kuna babu aliyekwenda vitani na mizinga asirudi, mtafuteni humo kabla wanaolikumbuka jina lake hawajaisha.